Upande wa Pili wa Shuka

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu zikiwa bado na joto, kama nguo iliyotoka chini ya pasi sasa hivi. Hujambo? Magoti yako je, bado yanalalamika ukipanda ngazi? Na shemeji, vile vumbi linavyomtesa, amepata nafuu au bado anapiga chafya mpaka majirani wanamwombea afya kupitia ukutani? Wanao najua hawajambo, maana picha zao naziona kwenye simu, mashavu yamejaa, jicho baya lisiwaone. Huku sote tu wazima. Nikisema sote nina maana ya wenzangu. Mimi nipo, nimekaa kwenye kiti cha mama karibu na dirisha la uani, mto mmoja mgongoni na mwingine ubavuni, naandika polepole kwa sababu jua la hapa linanipa usingizi.

Najua barua hii utaigeuzageuza kabla ya kuifungua, useme huyu Povu kapatwa na nini tena, simu anayo na anaandika kama watu wa zamani. Simu ninayo, dada. Lakini kwenye simu wewe ukilia nami nalia, halafu tunamaliza kwa kuulizana kama mvua imenyesha, na jambo lenyewe linabaki pale pale. Ndiyo maana uliponipigia nikakuambia nililazwa kwa ajili ya vijiwe vya figo na vimekwisha kutolewa. Figo ni kweli. Vijiwe ndiyo uongo. Basi kaa kitako, mtu asikusumbue, nikuhadithie.

Ninapoandika, mume wangu na binti yangu, mwanao, wako uani wanakunja mashuka tuliyoifulia nyumba ya wageni, na laiti ungewaona ungekufa kwa kicheko. Mwanaume amezoea kuendesha gari la kupelekea nguo, shuka analishika kama usukani. Binti anakuja mbele, yeye anarudi nyuma. Binti akipeleka mkono kulia, yeye naye kulia kwake, basi shuka linajisokota kama kamba. Na lile neno hawalisemi kabisa. Unalikumbuka? Mama hakuturuhusu tukunje shuka bila lile neno. Kila mtu ncha zake mbili, mnakunja, mnatembea mpaka mikono inakutana, na anayepokea lazima aseme kwa sauti, "Nimeshika," ndipo mwenzake aachie. Asiposema, huachii, hata nyumba iwe inaungua. Mimi nilikuwa naachia makusudi ili nione shuka jeupe linavyobwagika mchangani na mama anavyotoka mbio na kandambili mkononi. Wewe hukuwahi kuachia. Hata siku ile nyuki walipoingia uani ulisimama palepale umefumba macho, unaningoja niseme.

Tangu uolewe uende huko, nilipigilia ndoano ukutani. Nachomeka ncha mbili kwenye ndoano, nakunja mwenyewe, mambo yanakwenda. Ndoano haigombani na mtu. Lakini haisemi kitu, na mara nyingine mchana ua ukitulia nilijikuta nimesimama mbele ya ukuta nangoja.

Sasa habari yenyewe. Ile hoteli ya kona yenye vitambaa vya meza vyekundu bado ni wateja wetu. Mwaka jana nilianza kuona wekundu mahali pasipouhusu. Nguo zangu za ndani, ambazo unajua nazifua mwenyewe kwa mkono kwenye beseni la bluu, zikawa na doa la waridi, hafifu, kama mtu amegusa kwa ncha ya kidole na kukimbia. Mwanamke mwingine angeuwaza mwili wake. Mimi nikawaza vitambaa vya hoteli. Ndivyo tulivyolelewa sisi, dada, tukiona doa jekundu tunauliza nani kachanganya, hatuulizi nani kaumia.

Nikamrukia Mzee Pasi. Maskini, mtu aliyepiga pasi hapa tangu sisi tunaota meno, nikamtolea povu mbele ya wateja. Alinisikiliza pasi ikiwa juu hewani, akanijibu kwa upole kwamba vitambaa vile amekuwa akivitenga tangu mama yu hai. Nikamwambia labda anavitenga kwa macho, si kwa mikono. Akanuna. Na Mzee Pasi akinuna, ananuna kwa vitendo: vitambaa vyekundu vikapewa beseni lao, kamba yao, vibanio vyao na kona yao ya ua, na yeye akawa anavipitia mbali kama watu wenye ugomvi wa mirathi. Doa likarudi vilevile. Likaja, likaenda, likakaa wiki nyingi bila kuonekana, likaja tena, na hakuna mahali palipouma. Chooni nako nikaona maji yana rangi nikasema ni kutu. Nikamwita fundi bomba, dada, usinicheke! Akafungua, akachungulia, akafunga, akaniambia mabomba yangu ni mazima kuliko yake ya nyumbani.

Miguu nayo ikaanza kuvimba. Nikasema ni kazi ya kusimama. Pumzi ikawa fupi nikibeba kapu. Nikasema ni unene, ingawa sketi zilikuwa zinanivuka. Unaona nilivyokuwa hodari wa majibu.

Kisha ile hoteli ikafunga ipakwe rangi. Hakuna kitambaa chekundu kilichoingia hapa, kamba zote nyeupe mpaka macho yanauma. Asubuhi moja katikati ya weupe ule nikainua nguo yangu kutoka kwenye maji, na doa lipo. Kubwa kuliko yote. Nikaligeuza beseni, nikalikalia. Sikulia. Nilikuwa naangalia mashuka yanavyopumua kwenye kamba, yanajaa, yanalegea, na nikasikia mwili umekuwa mwepesi, kana kwamba nami nimebanwa kwa vibanio viwili tu. Mzee Pasi alinipita, akarudi, akalitazama doa. Akaizima pasi, mzee yule ambaye haizimi kabla ya saa ya chakula, akaenda kumwita mume wangu.

Hospitali walinipaka mafuta ya baridi tumboni, wakapitisha kile kidude chao. Aliyekuwa ananipima alikuwa anapiga soga, mara akanyamaza. Kidude kikapanda kutoka ubavuni, kikapita chini ya mbavu, kikaja kifuani, na kadiri kilivyopanda ndivyo alivyozidi kunyamaza. Wakanipitisha kwenye mashine ile ya duara, wakanipeleka kwa daktari mpasuaji. Ni mama wa makamo, mfupi, ana sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale, nikampenda hapo hapo kabla hajafungua mdomo kuniharibia siku.

Alinieleza kwamba ni saratani. Imeanza kwenye figo la kulia, lakini haikukaa huko. Imeota ndani ya mshipa wa figo, ikaingia kwenye mshipa mkubwa unaorudisha damu juu, ikapanda nao taratibu, bila kelele, mpaka ncha yake imeingia kwenye chumba cha moyo. Nilimwomba nione. Akasita, kisha akanigeuzia kioo. Dada, moyo wangu nimeuona. Unafunguka na kufunga, kazi moja hiyo hiyo, hauna habari kwamba unatazamwa. Na ndani yake kuna kitu kinachezacheza, kinaenda na kurudi, kama soksi inavyoonekana kwenye kioo cha mashine ya kufulia. Nikaangua kicheko. Daktari akamtazama mume wangu, akidhani akili imeruka. Nikamwambia simcheki yeye, ila mwaka mzima nimemsaka aliyechanganya nyekundu na nyeupe, nimegombana na mzee wa watu, kumbe mwenyewe yuko humu anazunguka.

Baada ya kicheko yakaja machozi, sikufichi. Daktari hakuyakatiza. Alisema ikiachwa, kipande kinaweza kukatika wakati wowote kikaziba njia ya mapafu, na nitaanguka nikiwa katikati ya sentensi. Nikawaza nitakavyoanguka katikati ya kugomba, maana ndiyo sentensi zangu nyingi. Kuitoa kunawezekana, lakini si kazi ndogo. Wataondoa figo lote, wataufungua mshipa, wataufungua na moyo. Na ili waone wanachofanya lazima waupoze mwili mpaka uwe baridi kabisa, damu waipitishe kwenye mashine, kisha mashine nayo waisimamishe kwa muda, na moyo ukae kimya mikononi mwao. Wapo wasioamka. Hilo alilisema akinitazama usoni, nami nikamshukuru.

Mume wangu alikuwa ananifinya kidole mpaka kikafa ganzi. Nilimfikiria binti yetu, mwanao huyu, bado mwaka mmoja amalize shule, na hata kukunja shuka hajui kwa sababu kila mara namwambia aache, nitafanya mwenyewe na ndoano yangu. Nikasema waipasue. Na nikawakataza wote wasikuambie. Usikasirike. Nilijua ungekuja kusimama mlangoni kwa uso wako ule, na mimi nikikuona siendi popote, ningekushika mkono turudi nyumbani na soksi yangu moyoni.

Asubuhi ya siku yenyewe walinilaza juu ya kitanda cha magurudumu. Nililikagua shuka, desturi haina likizo. Halikusuuzwa vizuri, limekakamaa kwa sabuni, na pindo lake limeanza kufumuka. Nikamwambia muuguzi. Akaniambia mama, lala. Nikalala. Taa za darini zikapita juu yangu moja moja, kila moja ina mwezi wake mdogo, na mtu aliyevaa kijani akanihimiza niwaze mahali ninapopapenda.

Sasa hapa, dada, soma taratibu, maana ninachokuandikia sijamwambia mtu.

Nilikuwa uani. Si ua huu wa sasa wenye banda la mashine, ni ule wa mama. Kamba zimejaa mashuka kutoka ukuta mpaka ukuta, na hakuna upepo. Unajua ua wetu haukosi kelele, mara maji, mara redio, mara mtu anatafuta kibanio. Siku ile kimya. Hata ndani yangu kimya, ile dum dum ambayo huisikii mpaka ikosekane, haikuwapo. Kulikuwa na baridi, lakini isiyouma, kama ukizamisha mikono kwenye maji ya kusuuza alfajiri mpaka viganja vinasahau kwamba ni vyako. Na mikononi nimeshika ncha mbili za shuka, kubwa sijapata kuona, jeupe, linakwenda mbali mpaka sioni mwisho wake. Kuna mtu amelishika upande wa pili. Nilijua kwa sababu lilikuwa limenyooka.

Tukakunja. Tukaanza kutembea. Nilitembea muda mrefu bila kuchoka, bila kupumua hata, na mashuka ya pembeni yalikuwa yanaota mwanga kwa ndani kama asubuhi ya ukungu. Yule mtu akakaribia. Uso sikuuona, shuka lilikuwa juu, mimi mfupi kama zamani zile. Mikono yetu ikakutana. Nikakiona kidole gumba chenye lile kovu la pasi, lenye umbo la jani.

Alikuwa mama, dada. Vidole vyake vilikuwa vya moto, nami wa barafu. Nikampa ncha zangu, nikangoja neno. Kimya. Nikazisogeza tena, nikijua sasa atalisema. Kimya. Mama yetu, aliyetukimbiza ua mzima kwa kutolisema! Nilimsikia anapumua. Nilimsikia hata anavyojizuia, kama mtu aliyemeza kitu kisimtoke. Nikataka kumwambia mama nimechoka, sema basi, nami nipumzike. Hakusema. Na mimi, ambaye utotoni niliachia kila shuka lililopita mikononi mwangu, safari ile sikuachia.

Tukasimama hivyo, sijui muda gani. Kisha mbali, nyuma ya mashuka, nikasikia dum. Kama mtu amefunga mlango wa mashine. Halafu nyingine. Shuka likapata uzito, baridi ikaanza kuuma kweli kweli, na mama hakuwapo.

Niliamka nina mipira mdomoni na shingoni, kifua kimeshonwa kama godoro. Baadaye muuguzi alinisimulia kwamba walipotaka kunibadilishia shuka ngumi yangu ilikuwa imekamata ncha yake na haikufunguka kwa kubembelezwa wala kwa nguvu. Wakatandika jipya, la zamani wakaliacha mkononi mwangu linaning'inia. Na daktari mwenyewe alikuja akakaa kitandani, akaniambia walipoupasha mwili joto moyo uliamka peke yake, hawakuulazimisha. Akasema ulikuwa kama unangoja kuitwa. Nikamwambia siyo, ulikuwa umekatazwa kuondoka. Akatabasamu tu, akadhani ni dawa.

Mzee Pasi alikuja kuniona. Aliniletea gauni la kulalia alilolipiga pasi mpaka mistari ya mikono inaweza kukata mkate. Nilimwomba radhi kwa lile povu lote. Akasema hoteli imefunguliwa, vitambaa vyekundu vimerudi, na kona yao ya ua bado wanayo, kwa sababu yeye akishanuna hapendi kubadilisha mpangilio. Kisha akageukia dirishani, akajifuta macho kwa mkono wa shati, na mimi nikajifanya natafuta miwani.

Nyumbani walinipokea kwa vifijo. Mume wangu amerudia kupiga mluzi, wimbo ule ule mmoja anaoukosea. Binti ananisomea masomo yake jioni ili nimwulize maswali, na mimi sielewi hata swali. Kila mtu anayeingia anaambiwa kwamba yote imetolewa, soksi imetoka, Povu ana kifua kipya. Wanafurahi, dada. Nyumba nzima inanukia furaha na sabuni.

Sasa sikia lililonifanya niandike. Wiki iliyopita nilirudi kwa daktari peke yangu, mume wangu nikimwambia anisubiri kwenye gari. Picha mpya zimeonyesha vidoadoa kwenye mapafu yote mawili. Vimetoka huko huko, vilipeperuka kabla hawajafunga njia. Haviondoki kwa kisu. Kuna dawa za kuvipunguza mwendo, nimeshaanza kuzimeza na nimewaambia nyumbani ni za kukausha kidonda. Nilimwuliza daktari kama zitanifikisha siku ya binti kumaliza shule. Akasema anatumaini. Akanishika mkono, na nikajua kwa jinsi alivyoushika. Sitapona, dada. Wewe ni wa kwanza kuambiwa.

Naogopa. Nimekuandikia mizaha mingi huko juu kwa sababu naogopa. Si usiku, usiku nalala. Ni mchana, jua likiwa hivi, mluzi ukisikika, ndipo hofu inakuja kukaa karibu nami kama mteja asiye na haraka. Nikiwaangalia hawa wawili na shuka lao lililosokotwa najiuliza nitawakabidhi kwa nani.

Nimelifikiria sana lile shuka la baridi. Mama angelisema neno, ningeachia, maana ndivyo alivyotufundisha, na daktari angeshona mwili usio na mwenyewe. Nadhani alinyamaza makusudi. Nadhani alijua nina vitu mkononi ambavyo si vya kumpa yeye.

Basi njoo, dada. Sikuiti uje kuzika, hiyo bado. Nakuita uje ushike. Mshike mwanao, umfundishe kukunja, uwe mama yake kama ulivyo tayari kwa jina. Mshike huyu mwanaume asiyejua kulia wala kushoto. Ushike ua, na kununa kwa Mzee Pasi. Nataka nikiwaambia ukweli uwe umekaa pembeni yangu, na tukishalia sote, usimame mbele yangu uliseme lile neno kwa sauti, nilisikie. Nina nguvu za kungoja. Uliningoja mimi na nyuki juu, nami nitakungoja.

Nisalimie shemeji, mwambie akukopeshe kwetu kwa muda na asihesabu siku. Wanao wape mabusu, kila mmoja lake, wasigombanie. Mzee Pasi anakusalimu, hakusema hivyo ila ameuliza mara mbili kama nakuandikia wewe. Ukifika usibishe hodi mlango wa mbele, hakuna atakayekusikia kwa mashine. Zunguka, pita uani. Kuna shuka moja nimeliacha kwenye kamba na nimekataza mtu asiliguse, na ile ndoano ya ukutani nimemwambia mume wangu aing'oe.

Ni mimi mdogo wako, niliyeshika upande wangu,

Povu